Kabla ya kugusa Postfix, ijue njia ya barua

Ukitaka kuendesha seva ya barua pepe kwa Postfix, usianze na main.cf, faili lake kuu la mipangilio. Anza na njia inayopitiwa na barua. Ukishaijua, logi zitasomeka, na kila kosa utajua ulitafute kwa nani.

Postfix iliandikwa na Wietse Venema akiwa katika kituo cha utafiti cha IBM, Thomas J. Watson, New York, ikatolewa kwa umma Desemba 1998. Iliyotawala wakati huo ni Sendmail, programu moja kubwa iliyofanya karibu kila kazi ikiwa na mamlaka ya root, yaani mamlaka kamili juu ya mfumo. Hatari yake ilijulikana tangu Novemba 1988, mnyoo wa Morris, programu inayojisambaza yenyewe, ulipojipenyeza kwenye kompyuta kwa kutumia, pamoja na njia nyingine, hali ya majaribio ya Sendmail iliyoachwa wazi. Venema aliigawa kazi kwa programu ndogo ndogo, nyingi zikiwa hazina mamlaka ya root, na kila moja huyakagua inayopokea hata kama yametoka kwa mwenzake. Uamuzi huo ndio unaoifanya Postfix iaminike hadi leo.

Ifuate barua moja. smtpd humpokea mgeni kwenye poti 25, lakini haiandiki kwenye foleni, yaani barua zinazosubiri kupelekwa. Hukabidhi kwa cleanup, inayojaza vichwa vilivyokosekana na kuweka faili kwenye incoming, sehemu ya foleni ya barua zinazoingia. Faili likishatua diski ndipo mtumaji hujibiwa 250, yaani imepokelewa, kwa hiyo umeme ukikatika hapo barua haipotei. qmgr, msimamizi wa foleni, huihamishia active, sehemu ya barua zinazopelekwa sasa, yenye kikomo cha barua 20,000, kisha smtp huipeleka kwenye seva nyingine au local huipeleka kwa mtumiaji wa seva hii. Mpokeaji asipopatikana kwa muda, barua huingia deferred, sehemu ya zilizoahirishwa: hujaribiwa tena baada ya sekunde 300, nafasi ikiongezeka hadi sekunde 4,000, na siku 5 zikiisha hurudishwa kwa mtumaji. Msimamizi wa programu zote hizi ni master.

Sasa yanayowakwaza watu. Logi ikisema "Host not found, try again" na DNS ya seva (inayogeuza majina kuwa anwani za IP) inafanya kazi vizuri, fungua master.cf, faili linaloorodhesha programu ambazo master huziendesha, uangalie safu ya tano, ya chroot, kwenye mstari wa smtp unix. Ikiwa ni y, smtp imefungiwa ndani ya /var/spool/postfix na inasoma etc/resolv.conf (faili la anwani za seva za DNS) iliyomo humo, si ile ya mfumo. Uliyobadilisha nje haijayaona. Nakili faili jipya humo, kisha uanzishe Postfix upya.

"User unknown in local recipient table" kwa anwani uliyoisajili kwenye hifadhidata yako mara nyingi humaanisha domeni imeandikwa mara mbili, kwenye mydestination (domeni za watumiaji wa mfumo wenyewe) na kwenye virtual_mailbox_domains (domeni za masanduku yasiyo na akaunti kwenye mfumo). Iache mahali pamoja tu. Hakikisha kwa postconf -n, inayoonyesha yale uliyoyaweka mwenyewe kwenye main.cf.

Foleni isiguswe kwa rm wala mv. Kwa kawaida jina la faili hubeba namba yake ya inode, ambayo diski hulipa kila faili, kwa hiyo ukiinakili foleni kwenye diski nyingine majina hayalingani tena; postsuper -s huyasahihisha. Jina hilohilo linaweza pia kutumika tena kwa barua nyingine, na ukichelewa kuendesha postsuper -d, amri ya kufuta barua kwa jina hilo, utafuta barua isiyo yake. Weka enable_long_queue_ids = yes mapema, ili majina yasirudiwe. Na foleni ikijaa, acha kurudia postqueue -f, amri ya kujaribu foleni yote papo hapo: unarudisha barua zote zilizokwama zigombanie nafasi na zile mpya ambazo zingefika mara moja. Soma kwanza sababu kwa postqueue -p, inayoorodhesha foleni.

Siku ya kuhamia seva mpya, weka soft_bounce = yes. Kila kukataa kwa kudumu, kwa misimbo ya 5xx, hugeuzwa 4xx, yaani kukataa kwa muda, hivyo kosa lako la mipangilio halimrudishii mtu barua yake. Mtumaji anasubiri na kujaribu tena. Tazama logi, rekebisha, kisha uirudishe no.