Jibu: Wahadhiri hawaji kwenye mafunzo ya maktaba

Habari mkuu. Umesema umeandaa mafunzo ya uchapishaji wa makala za utafiti mara 3 hapo chuoni Dodoma, wakaja wahadhiri 4. Kwanza angalia tarehe. Wiki ya kusahihisha mitihani usijisumbue.

Mimi niliachana na ukumbi, nikaomba dakika 15 kwenye kikao cha idara. Nadharia sikugusa. Mmoja alifungua barua pepe ya jarida linalomwalika achapishe kwa ada, tukalitafuta pamoja kwenye DOAJ, ile orodha ya majarida huria (yanayosomwa bure mtandaoni). Halimo. Kimya! (Alishaanza kutafuta hela.) Kukosekana tu si ushahidi wa utapeli, hivyo tukakagua wahariri na anwani pia. Baada ya hapo wenyewe wakaulizia ORCID (namba ya kipekee ya kumtambulisha mtafiti) na kuweka makala kwenye hifadhi ya kidijitali ya chuo. Kwa watu wa tiba sijajaribu.