Rubani kakataa kutua penye koni na taa: kosa liko wapi?

SWALI: Mdogo wangu anaishi Maryland, Marekani, na ni zimamoto wa kujitolea. Usiku mmoja magari yaligongana, akaagizwa aandae mahali pa kutua helikopta ya polisi wa jimbo ije kumchukua majeruhi. Alichagua uwanja wa nyasi kavu kando ya barabara, akapima futi 100 kwa 100, akaweka koni na taa za LED kwenye pembe zote nne, akazungusha utepe wa njano kuzuia watu. Helikopta ikazunguka mara tatu, kisha ikaenda kutua kwenye maegesho ya shule, nusu maili kutoka pale. Nafasi ilikuwepo. Nini kilikosekana? Na kwa nini huko polisi ndio wanaobeba wagonjwa?

JIBU: Nianze na la mwisho maana ni fupi. Polisi wa Maryland wamekuwa wakibeba majeruhi kwa helikopta tangu Machi 1970, wakishirikiana na kituo cha majeruhi cha Baltimore ambacho leo kinaitwa R Adams Cowley Shock Trauma Center. Chombo kilekile kinachotafuta mzee aliyepotea msituni kwa kamera ya joto ndicho kinachokwenda kwenye ajali, na wahudumu wa afya waliomo ni askari. Mgonjwa hapelekewi ankara ya safari hiyo. Fedha zinatokana na tozo ya usajili wa magari.

Sasa uwanja. Helikopta wanayotumia ni AW139. Panga zake zinachora duara la kipenyo cha mita 13.8, na ukipima kutoka ncha ya panga la mbele hadi mwisho wa mkia unapata kama mita 16.7. Futi 100 ni mita 30 na ushee, kwa hiyo ikitua katikati inabaki karibu mita 7 mbele na nyuma. Mchana inatosha. Usiku ningependa futi 150 kila upande, lakini sidhani ukubwa ndio uliomkimbiza rubani.

Mimi ningeanza kuulizia taa. Marubani hawa usiku huvaa miwani ya kuonea gizani, ambayo hukuza mwanga mwekundu sana na ule wa infraredi tusiouona kwa macho. Ili taa za vyombo vya ndani zisiivuruge, miwani hiyo huwa na kichujio. Aina iliyozoeleka huzuia karibu kila mwanga ulio chini ya nanomita 665 (nanomita ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga). LED nyekundu ya kawaida hutoa mwanga wa nanomita 620 hadi 630, na ya buluu kama 470. Zote zinachujwa! Balbu ya zamani yenye waya ndani ilikuwa inaonekana vizuri kwa sababu sehemu kubwa ya nguvu yake hutoka kama infraredi. Kwa hiyo uwanja ambao mdogo wako aliuona unawaka, ndani ya miwani ungeweza kuwa giza tupu. Rubani anaweza kuchungulia chini ya miwani kwa macho makavu, na ndivyo wanavyofanya, ila pale anatafuta vitaa vidogo katikati ya vimulimuli vya magari yote ya zimamoto. Dawa yake ni mbili: tumieni taa za pembeni ambazo mtengenezaji amesema zinatoa na infraredi, na mkishasikia helikopta inakaribia muulizeni rubani kwa redio anataka nini kizimwe. Mara nyingi atataka taa nyeupe za kumulika eneo zizimwe au zigeuzwe chini, maana zinaijaza miwani ukungu wa mwanga. Tochi isielekezwe juu kamwe, hata kwa nia njema ya kumwonyesha njia.

La pili ni nyasi kavu. Watu wengi hawajui upepo wa kitu hiki ulivyo, kwa hiyo tupige hesabu. Chombo cha kilo 6,400 kimening'inia kwenye duara la karibu mita za mraba 150. Kila mita ya mraba inabeba kama kilo 43. Ili kuubeba uzito huo, hewa inavutwa kupita kwenye panga kwa mita 13 hivi kwa sekunde, na hewa hiyo ikiendelea kushuka, kasi yake inakaribia mara mbili, yaani kilomita 90 na zaidi kwa saa. Ikifika ardhini inatawanyika pande zote. Mchanga, makapi na vumbi vinapanda, na mita chache za mwisho rubani anapoteza ardhi kabisa, kipindi hichohicho anachoihitaji zaidi. Ukiwa na gari la maji na muda upo, lowesha eneo la katikati, lakini usigeuze udongo kuwa tope: uzito wote huo unasimama kwenye miguu mitatu yenye matairi madogo. Lami ya shule haina vumbi wala haizami. Naona kabisa kwa nini aliipenda.

Koni nyepesi na ule utepe ndivyo vilivyonishtua. Utepe ukikatika hupeperuka juu na kuvutwa kwenye panga au mkia. Pembeni kuwe na vitu vizito visivyoruka, na watu wazuiwe na watu. Shuka za machela, kofia, blanketi, vifuniko vya mapipa: funga au ondoa.

Halafu nyaya, na hapa pengine ndipo zile duru tatu ziliishia. Helikopta haipendi kushuka wima kama lifti. Ikishuka wima kwa haraka inaweza kuzama kwenye hewa iliyoisukuma yenyewe, na injini moja ikizima katikati rubani hana mwendo wa kujiokoa. Inakuja kwa mshazari ikiukabili upepo, na inaondoka hivyohivyo. Kwa hiyo njia mbili lazima ziwe wazi: upande upepo unakotoka na upande unakokwenda. Kando ya barabara nguzo hazikosekani, na waya wenyewe kutoka juu usiku hauonekani. Rubani huona nguzo, akakisia waya. Tembea mzunguko mzima wa uwanja kwa miguu kabla ya kumwita. Ukikuta waya, usiumulike. Weka gari chini yake, kimulimuli kikiwaka, na useme kwenye redio waya uko upande gani wa dira. Mteremko nao usizidi digrii 5.

Taarifa ya kwanza ya redio iwe fupi: uwanja ni wa nini (nyasi, lami, changarawe), una ukubwa gani, nyaya na miti viko upande gani, upepo unatoka wapi. Ukitoa majira ya ramani, yaani latitudo na longitudo, sema dakika zake (dakika hapa ni sehemu ya 60 ya digrii) ni zenye desimali au ni dakika na sekunde. Dakika 15.50 na dakika 15 sekunde 50 zinafanana masikioni, lakini kwenye latitudo zimeachana zaidi ya mita 600, na gizani hizo zinatosha kumpeleka rubani juu ya paa la mtu.

Ikiwa chini, asisogee mtu. Mhudumu wa helikopta atashuka na kuja kwenu, mnakwenda naye kwa njia atakayowaonyesha, mkiwa mnaonekana na rubani. Mkiani hapafikiwi na yeyote, kwa sababu panga la nyuma likizunguka usiku huwezi kuliona. Kwenye mteremko mnaingia kutokea upande wa chini, kwani upande wa juu panga zinakuwa karibu na vichwa. Nguzo ya dripu ilazwe.

Mwambie mdogo wako jambo moja zaidi: yeye aliye chini ana haki ya kusimamisha kutua. Akiona mtu anakatiza au blanketi limefunguka, aseme redioni, mara moja na bila maelezo, "acha, usitue". Na helikopta ikishapaa asikimbilie kufungua barabara. Aulinde uwanja kama dakika 5, maana ikipata hitilafu itarudi palepale.