Fundi wa avioniki (elektroniki za ndege) anayetoka jeshini Marekani aanzie wapi?

Ndugu yangu, umeuliza kama miaka sita ya kutengeneza redio na rada katika Jeshi la Anga la Marekani itakufaa uraiani, maana huna leseni yoyote. Itakufaa sana, ila usingoje siku ya kuvua magwanda.

Anza na leseni ya A&P, yaani ya ufundi wa bodi ya ndege na injini, inayotolewa na FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani. Kanuni inataka miezi 30 ya kazi ya vitendo kwa bodi ya ndege na injini kwa pamoja, au 18 kwa kimojawapo. Hapa ndipo watu wa fani yetu hukwama: kubadilisha maboksi ya rada si sawa na kufungua injini. Mwombe msimamizi wako sasa hivi akuandikie barua inayotaja kazi moja moja uliyofanya, tarehe na aina ya ndege. Akihamishwa kambi, utamtafuta hadi uchoke.

Leseni ya mitambo ya redio ya FCC, tume ya mawasiliano ya Marekani, ile iitwayo GROL, ina mitihani miwili tu. Isome jioni.

Kisha uliza kuhusu SkillBridge, mpango wa jeshi wa kuwaandalia kazi wanaotoka: kamanda akiridhia, unaweza kujifunza kwa mwajiri wa kiraia ndani ya siku 180 za mwisho za utumishi wako, mshahara wa jeshi ukiendelea.

Tena usijifunge kwenye ndege. Viwanda vya chipu, vituo vya data na mafundi wa mashine za hospitali wanahitaji mtu anayesoma mchoro wa saketi na kufuata hitilafu hadi kwenye waya wenyewe. Kwenye wasifu wako andika hivyo hivyo, kwa lugha ya kawaida, si kwa namba ya fani ya jeshini.