Nusu alama: kwa wanaoanza kazi ya utafiti wa dimenshia

Wengi wanaoingia kwenye utafiti wa ugonjwa wa Alzheimer na dimenshia nyinginezo (maradhi yanayopunguza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri) huja vichwa vimejaa habari za amiloidi na tau, protini zinazorundikana kwenye ubongo wa mgonjwa wa Alzheimer. Si vibaya. Ila kazi utakayopewa mwanzo mwanzo haina hadubini. Utakaa na mama wa miaka 70 na kitu umuulize leo ni tarehe ngapi, kisha utakaa na bintiye umuulize hali ikoje nyumbani. Ukiichukulia kama kazi ya ukarani, ya kupitia tu ukielekea kwenye sayansi, utaharibu jasho la watu wengi.

Tazama jaribio la awamu ya tatu la dawa ya lecanemab. Lilikuwa na washiriki 1,795 na lilidumu miezi 18. Kipimo kikuu kilikuwa CDR-SB, yaani jumla ya alama za CDR, mahojiano ya kupima ukali wa dimenshia; kina alama 0 hadi 18, na alama zikipanda ndivyo hali ilivyozorota. Mwishoni waliopata dawa walikuwa wamepanda kwa wastani wa alama 1.21, na waliopata plasebo, yaani dawa bandia isiyo na kiambato cha kutibu, 1.66. Tofauti ni 0.45, na hiyo ndiyo ile asilimia 27 (ya 1.66) iliyotangazwa kila mahali. Wataalamu bado wanabishana kama familia inaweza kuiona tofauti hiyo sebuleni, na mimi naona ubishi huo una msingi. Lakini wewe shika jambo hili: kwenye CDR, hatua ndogo kabisa ya kipengele kimoja ni nusu alama. Yaani tofauti iliyoipitisha dawa haifiki hata hatua moja ya kalamu yako.

Utasema makosa madogo madogo hufutana washiriki wakiwa wengi. Ni kweli, yale ya kubahatisha hufutana, ingawa kila yanapozidi inabidi kuandikisha watu zaidi, na kuna dawa nzuri inaweza kupita bila kuonekana. Yanayoegemea upande mmoja hayafutani kamwe.

Basi tuanze na mahojiano ya CDR. Yana vipengele sita: kumbukumbu, kujua mahali na wakati, maamuzi, shughuli za nje, shughuli za nyumbani, na kujihudumia. Unaanza na mtu wa karibu, yule anayeishi na mshiriki au kumwona mara kwa mara, na unaongea naye peke yake. Hili la peke yake usilifanyie mzaha. Mama akiwepo, binti atakwambia "mama yuko sawa tu, ni uzee", kwa sababu ana adabu na hataki kumwaibisha mzazi. Ukifunga mlango, ukanyamaza kidogo, ndipo utasikia kwamba jiko amekwisha kunyang'anywa baada ya sufuria kuungua mara mbili.

Usiulize "anakumbuka vizuri?" Jibu lake halina kazi. Omba tukio la karibuni lenye mambo ya kushika: Jumamosi walikwenda kwenye mazishi, ya nani, nani aliwapeleka, walirudi saa ngapi. Andika. Kisha ukiwa na mama mwenyewe unamuuliza habari za Jumamosi, na sasa unajua majibu sahihi. Akikuambia kwa tabasamu zuri kwamba alishinda nyumbani akipumzika, umepata kitu ambacho maswali kumi ya "unasahau sahau?" yasingekupa. Wagonjwa wengi wa hatua za mwanzo ni wepesi wa maneno, na mpimaji mgeni hurogwa na ucheshi wao akawapa alama nzuri wasizostahili.

Kingine ni sababu. CDR inahesabu kilichopotea kwa ajili ya akili tu. Mzee ameacha kwenda dukani: anapotea njia, anachanganya chenji, au ni magoti? Usipouliza, utaandika magoti kama dimenshia.

Na mtu wa karibu akibadilika katikati ya utafiti, weka alama nyekundu. Mwaka mzima alikuja binti anayelala nyumba moja na mama. Ziara inayofuata anakuja kaka anayepiga simu Jumapili kwa Jumapili. Kwa kaka, mama atakuwa "amepata nafuu". Andika kwenye kumbukumbu za ziara, mjulishe msimamizi, na jitahidi binti arudi hata kwa simu kama itifaki, yaani mwongozo rasmi wa utafiti, inaruhusu.

Vipimo vya maswali, kama MMSE ya mwaka 1975 au MoCA ya 2005, vyote viwili vya alama 30, vina maradhi yake. Elimu ya mtu huvivuta sana. MoCA yenyewe huongeza alama moja kwa aliyesoma miaka 12 au pungufu, na bado haitoshi. Tumia toleo la lugha lililoidhinishwa, usitafsiri swali papo hapo. Hakikisha miwani na kifaa cha kusikia vipo kabla ya kuanza, maana asiyesikia orodha ya maneno hawezi kuikumbuka. Mpime saa zilezile za siku. Usitikise kichwa akipatia. Mume akianza kumnong'onezea mkewe majibu (hufanya hivyo kwa mapenzi tu), mtoe nje kwa heshima.

Sasa ridhaa. Mtu kuwa na dimenshia hakumwondolei uwezo wa kuamua. Uwezo hupimwa kwa uamuzi ulio mezani, siku hiyo. Mwombe akueleze kwa maneno yake: tutamfanyia nini, kipi kinaweza kumdhuru, kama atajua anapata dawa au plasebo, na anaweza kujitoa lini. Kuitikia "ndiyo, daktari" hakutoshi. Ziara za baadaye anaweza kuwa amepungukiwa, ndugu akaweka sahihi kwa niaba yake, lakini siku mshiriki mwenyewe anaposukuma mkono wako au kukataa kuingia kwenye mashine ya MRI ya kupiga picha za ubongo, hiyo ni sauti yake. Ahirisha. Msimamizi akikushinikiza kwa sababu ya ratiba, mpeleke kwenye itifaki.

Dawa zinazoondoa amiloidi zina jambo lao jingine: uvimbe au kuvuja kidogo kwa damu kwenye ubongo, vinavyoonekana kwa MRI. Kwa lecanemab uvimbe ulionekana kwa asilimia 12.6 ya waliopata dawa, dhidi ya 1.7 kwa plasebo, na hatari ni kubwa zaidi kwa wenye nakala mbili za APOE4, jeni inayoongeza uwezekano wa kupata Alzheimer. Wengi hawasikii chochote. Wengine huumwa kichwa au kuchanganyikiwa. Daktari wa usalama lazima ajue mara moja. Mpimaji hapaswi kujua kabisa, kwa sababu akisikia habari za uvimbe atakisia kwamba mtu huyu yuko kwenye dawa, na nusu alama yetu imeingia doa. Waombe washiriki na ndugu zao wasikusimulie habari za MRI. Wakianza, wakatize kwa upole.

Kazi hii huangusha dawa nyingi kuliko inavyozipitisha, jizoeze. Katika majaribio ya mwanzo ya solanezumab, dawa nyingine iliyolenga amiloidi, ilikuja kugundulika kwamba takriban robo ya waliochunguzwa hawakuwa na amiloidi kabisa. Likafanyika jaribio jingine la waliothibitishwa tu, na mwaka 2016 nalo halikufua dafu. Dawa nyingine, semagacestat, ilisimamishwa mwaka 2010 kwa sababu waliopata dawa walizorota zaidi kuliko wa plasebo. Hilo lilijulikana kwa kuwa kuna wapimaji waliokaa na wagonjwa na kuandika walichokikuta badala ya walichokitarajia.

Siku hizi PET, picha inayoonyesha amiloidi ndani ya ubongo, na vipimo vya damu kama p-tau217 (kinachopima aina ya tau), husaidia kuchuja mapema, kwa hiyo utawaambia watu wengi kwamba hawakufaulu kuingia. Familia imeshatundika matumaini hapo. Usiwape habari hiyo kwa ujumbe wa simu. Wapigie, waeleze kilichoonekana, na uwape jina la kliniki itakayowaendeleza.

Vilevile, mwanzoni kabisa uliza nani atawaambia washiriki matokeo na kama walipata dawa au plasebo, na lini. Vituo vingi hukusanya karatasi, hufunga jaribio, na bintiye yule mama anabaki miaka akijiuliza. Kama hakuna mwenye jibu, lipeleke swali kwenye kamati ya maadili kabla mshiriki wa kwanza hajaweka sahihi.