Wasomaji Wanauliza: Ratiba ya IPL unaisomaje ukiwa Dar?

Maswali ya kriketi yamejaa kwaiyo ukurasa wote wa leo nimewapa watu wa IPL, ile ligi ya kriketi ya India ya ova 20 kila timu (ova moja ni mipira sita), mana nimeona wengi mnaifatilia kwa moyo lakini ratiba yake ndo inawachanganya. Maswali yanayofanana nimeyaunganisha, na salamu nimezipunguza ili nafasi itoshe.

SWALI: Kaka pole na kazi. Mimi nina duka la vifaa vya simu hapa Kariakoo, jirani yangu wa duka ndo alinifundisha kriketi na sa hivi nimekolea kuliko yeye. Shida yangu ni saa. Ratiba inaniandikia 7:30 usiku, nafunga duka saa 12, nagombania gari mpaka nyumbani, naoga nakaa nikijua sasa ndo inaanza, nakuta timu ya pili ishaanza kupiga, inafukuzia alama za ile ya kwanza. Hizo saa ni za wapi?
Muuza duka, Kariakoo

JIBU: Hizo ni saa za India kaka. India wako mbele yetu kwa masaa mawili na nusu, na hiyo nusu ndo inapoteza watu mana tumezoea nchi za kupishana nazo saa kamili. Kwaiyo 7:30 ya kwao huku kwetu ni saa 11 kamili jioni. Siku za mechi mbili, ambazo mara nyingi ni wikiendi, ya kwanza inaanza 3:30 ya kwao, hapa Dar ni saa 7 mchana, afu ya pili inakuja saa 11 ileile. Shilingi inarushwa nusu saa kabla, saa 10 na nusu, na hiyo nakushauri usiikose mana tangu 2023 manahodha wanaruhusiwa kukabidhi kikosi baada ya shilingi, wakishajua nani anaanza kupiga na nani anaanza kurusha, kwaiyo hata kikosi unachokiona kinakuwa kimetokana na hiyo shilingi. Mechi yenyewe inakula masaa matatu na nusu na kuendelea, kwaiyo inaisha kwenye saa 2 na nusu, saa 3 kasoro. Wewe ukitoka Kariakoo saa 12 na foleni ya jioni ilivyo utakuta nusu imeshaenda, bora uangalie ova za mwanzo kwenye simu hapohapo dukani. Na angalia kitu kimoja: kama pembeni ya saa kuna herufi IST hizo ni za India, toa masaa mawili na nusu. Kama simu yako imeandika 17:00 basi ishakutolea yenyewe, usitoe tena.

SWALI: Mkuu, mimi ni mtu wa Simba, ligi yetu naielewa vizuri, timu 16, unakutana na kila mtu nyumbani na ugenini, mechi 30, hesabu imeisha. Sasa hawa wenzetu wana timu 10, ina maana kila mmoja angecheza 18, mbona wanaishia 14? Afu naona timu inakutana na mwingine mara mbili na mwingine mara moja tu. Mimi naona kuna watu wanapendelewa.
Dereva wa bajaji, Mbagala

JIBU: Hesabu yako iko sawa kabisa na swali lako ndo zuri kuliko yote niliyopata. Timu 10 zikikutana zote nyumbani na ugenini ni mechi 90. IPL wanacheza 70 za ligi na 4 za mwisho za kumtafuta bingwa, jumla 74.

Hiyo 14 ina historia. Ligi ilipoanza 2008, mechi ya kwanza kabisa tarehe 18 Aprili pale Bangalore, siku ambayo Brendon McCullum wa Kolkata alipiga mikimbio (ndo alama za kriketi) 158 na hakutolewa, zilikuwa timu 8, na timu 8 ukikutana na kila mtu mara mbili unapata mechi 14. Yaani ilikuwa kama ligi yetu tu. 2022 wakaongezwa Gujarat Titans na Lucknow Super Giants zikawa 10, lakini siku hazikuongezeka kwa kiasi hicho mana wachezaji wanatakiwa na timu zao za taifa na ligi inatakiwa iingie kwenye kamuda ka miezi miwili hivi, kuanzia mwishoni mwa mwezi wa tatu. Kwaiyo wakabaki na 14 wakabadilisha namna ya kukutana.

Wanachofanya ni hivi. Timu zinagawanywa makundi mawili ya timu tano tano, ila msimamo unabaki mmoja, makundi ni ya kupangia ratiba tu. Wale wanne wa kundi lako unakutana nao mara mbili, hizo ni mechi 8. Kundi la pili kuna timu moja mnapangiwa kukutana mara mbili, hizo 2. Wanne waliobaki kule mara moja moja, hizo 4. Jumla 14, saba nyumbani na saba ugenini. Mfano msimu wa 2022 Mumbai Indians walikuwa kundi moja na Kolkata, Rajasthan, Delhi na Lucknow, na yule wa kundi la pili wa mara mbili akawa Chennai. Mumbai na Chennai ndo watani wa kule, kila mmoja ana makombe matano, sasa fikiria mashabiki wakutane nao mara moja tu kwa msimu, wangekubali kweli?

Kupendelewa mimi sioni, utaratibu ni uleule kwa timu zote kumi, lakini sawa kwa sawa pia haiko, na hapo niko na wewe. Ukiangukia kundi gumu unalipia mara mbili. Ndo mana mimi ratiba ikitoka siangalii tarehe kwanza, nachukua kalamu nazungushia timu tutakazokutana nazo mara mbili, mana hapo ndo msimu ulipo. Afu naangalia viwanja, kwa sababu neno nyumbani kule lina mambo yake. Rajasthan nyumbani kwao ni Jaipur lakini baadhi ya mechi za nyumbani wamekuwa wakizipeleka Guwahati, mashariki kabisa, zaidi ya kilomita elfu moja. Punjab nao wana mechi wanazopanda nazo Dharamsala kwenye milima, Delhi wameshahamia Visakhapatnam kwa mechi kadhaa. Kwenye karatasi ni nyumbani ila wachezaji wamepanda ndege kama wageni tu.

Cha tatu, zile wiki mbili za mwisho zisome kama msahafu. Ushindi ni pointi 2, mechi isipopata matokeo kila mtu 1, ukifungwa huna kitu, na timu zikilingana pointi na ushindi wanaenda kwenye ile wanayoiandika NRR, yaani wastani wa mikimbio unayopata kwa kila ova ukitoa wastani wa unayoruhusu. Huo wastani unafanya kazi ya tofauti ya magoli, na unaamua mambo kweli. 2024 RCB, yaani Royal Challengers wa Bangalore, walifungwa 7 kati ya mechi 8 za kwanza, watu wakashawazika, wakashinda sita mfululizo. Ya mwisho ilikuwa tarehe 18 Mei na Chennai, ratiba ilikuwa imewakutanisha wawili hao siku ya mwisho mwisho wote wakiitaka nafasi ya nne. RCB wakapiga 218. Chennai kufuzu hawakuhitaji hata kushinda, wangefika 201 tu wastani ungewabeba, wakaishia 191. Timu nne zikamaliza na pointi 14, RCB, Chennai, Delhi na Lucknow, na aliyepita ni RCB peke yake. Sasa mtu aliyeacha kuangalia mwezi wa nne alikosa yote hayo, na mimi hao nawaonea huruma kabisa.

SWALI: Anko habari. Naomba unifafanulie hizi mechi za mwisho, naona wanaandika Kwalifaya, Eliminata, mbona timu ikifungwa inarudi tena? Nusu fainali ni ipi hapo?
Mwanafunzi, Kigamboni

JIBU: Nusu fainali za kawaida hazipo binti yangu, waliziacha tangu 2011. Timu nne za juu ndo zinaingia. Wa kwanza na wa pili wanacheza Kwalifaya ya 1, anayeshinda anaenda fainali moja kwa moja. Wa tatu na wa nne wanacheza Eliminata, hapo ukifungwa kwaheri. Anayeshinda Eliminata anakutana na aliyefungwa Kwalifaya ya 1, hiyo ni Kwalifaya ya 2, na mshindi wake anaenda fainali. Kwaiyo ukimaliza nafasi mbili za juu umepewa roho ya ziada, ukimaliza wa tatu au wa nne unatakiwa ushinde mechi tatu mfululizo, na tangu mfumo huu uanze hadi 2025 aliyeweza kubeba kombe kwa njia hiyo ni Sunrisers Hyderabad peke yao, 2016. Ndo mana ukiona timu imeshafuzu bado inapigania nafasi ya pili usishangae. 2025 RCB walimaliza wa pili, wakawafunga Punjab Kwalifaya ya 1, Punjab wakapitia mlango wa nyuma kwa kuwatoa Mumbai, wakakutana tena fainali na RCB wakashinda kwa mikimbio 6, kombe lao la kwanza kabisa tangu ligi ianze 2008.

SWALI: Bro 2025 tulijipanga washkaji tukae pamoja fainali tarehe 25 Mei, tukachanga hela ya kuku na kila kitu, tunakuja kusikia fainali imepelekwa mwezi wa sita. Hii ratiba ina uhakika kweli au ndo viporo kama huku?
Fundi rangi, Tabata

JIBU: Viporo vya kawaida kule ni vichache sana kuliko huku, mvua ikiharibu mechi ya ligi hairudiwi, mnagawana pointi moja moja mnaendelea na safari. Ile ya 2025 ilikuwa jambo zito, India na Pakistan walikuwa kwenye mapigano, mechi ya Punjab na Delhi pale Dharamsala tarehe 8 Mei ikakatishwa katikati, kesho yake ligi yote ikasimamishwa, ikarudi tarehe 17 kwenye miji michache. Hiyo ya Dharamsala wakairudia Jaipur tarehe 24, na fainali ikatoka Kolkata ikaenda Ahmedabad tarehe 3 Juni. Usalama wa watu kwanza bwana, hapo sina la kulaumu.

Ila kuhama hii ligi imezoea. 2009 ilichezwa yote Afrika Kusini kwa sababu ya uchaguzi mkuu wa India, 2014 ikaanzia Falme za Kiarabu kwa sababu hiyohiyo, 2020 ikachezwa kulekule kwa sababu ya korona. 2024 uchaguzi tena, safari hii haikutoka nje lakini ratiba ilitolewa kwa awamu, kwanza mechi 21 tu. Kwaiyo michango ya kuku anzeni kukusanya mkishajua waliofuzu, si siku ratiba inatoka.

SWALI: Na fainali ikinyeshewa inakuaje?
Msomaji, Sinza

JIBU: Fainali ina siku ya akiba. 2023 ilitakiwa ichezwe tarehe 28 Mei Ahmedabad, mvua ikagoma kukatika, wakacheza 29, mvua ikarudi tena katikati, Chennai wakapunguziwa wapige 171 kwa ova 15. Ikaisha kule ishakuwa usiku wa manane umepita. Mipira miwili ya mwisho Chennai walitaka 10 na Ravindra Jadeja wao akapiga sita afu nne. Ili matokeo ya ova 20 yahesabike kila timu inatakiwa iwe imepata nafasi ya angalau ova 5.

SWALI: Ya wanawake ratiba yake ikoje? Mbona hamuiandiki?
Dada wa Mikocheni

JIBU: Umenibana vizuri, na tutaiandika. WPL ilianza 2023, timu 5, na hii ratiba yake ni nyoofu, kila timu inakutana na kila mwenzake mara mbili, mechi 20, anayeongoza anaenda fainali moja kwa moja, wa pili na wa tatu wanapigana kumpata wa kukutana naye. Ukitaka kuanza kufatilia kriketi bila kuumiza kichwa anza na hii. Mumbai walibeba 2023, RCB 2024, Mumbai tena 2025.

SWALI: Mwanangu, mjukuu wangu ana miaka 12, ameangalia hiyo ligi mpaka sasa anataka kucheza yeye. Tunakaa Upanga. Hapa Dar kuna mahali, au ni mchezo wa Wahindi tu?
Bibi wa Upanga

JIBU: Shikamoo bibi. Mahali papo na yeye yuko karibu napo kuliko watoto wengi wa mji huu. Kuna uwanja wa Annadil Burhani hukohuko Upanga, kuna Gymkhana, kuna na uwanja wa Chuo Kikuu, vyote vimeshapokea mechi za kimataifa. Na si mchezo wa Wahindi tu, angalia vijana wetu wa chini ya miaka 19, mwaka 2025 walifuzu Kombe la Dunia la umri wao kwa mara ya kwanza katika historia ya nchi, na majina mengi ya kwenye kile kikosi ni ya watoto wa mitaa yetu waliofundishwa hapahapa. Mpeleke Chama cha Kriketi Tanzania, TCA, waulize programu za watoto wa umri wake na siku za mazoezi. Bati la bei usimnunulie kwanza bibi, aanze na la kuazima na mpira wa tenisi, ila siku watakayomhamishia kwenye mpira mgumu wa ngozi hakikisha ana helmeti na pedi za miguu, hapo usikubali kuambiwa ataanza hivyohivyo.