Malipo ya toroli na figo za kibarua

SWALI: Daktari, assalamu alaykum. Nafanya kibarua kwenye mashamba ya chumvi huku Gongoni, na tunalipwa kwa idadi ya toroli. Anayesimama kunywa maji hupitwa na wenzake, kwa hivyo wengi wetu hatunywi mpaka saa nane mchana. Jioni mgongo ukiuma nameza diklofenaki, na siku hizi mkojo wangu umekuwa wa rangi ya chai ya mkandaa. Wenzangu wanasema ni uchovu tu. Je, figo zangu zimo hatarini? – Msomaji, Malindi

JIBU: Waalaykumu salaam, ndugu yangu. Naam, zimo hatarini. Acha diklofenaki leo, na kesho asubuhi, kabla ya kwenda kazini, nenda hospitali upimwe mkojo, na damu ipimwe kreatinini.

Figo mbili za mtu mzima huchuja takriban lita 180 za majimaji ya damu kwa siku, na karibu zote hurudishwa mwilini. Kazi hiyo hutaka damu ifike kwenye chujio kwa nguvu ya kutosha. Unapotoka jasho bila kunywa, damu hupungua, na figo hujitetea kwa kutengeneza kemikali ziitwazo prostaglandini, ambazo huupanua mshipa unaoingiza damu kwenye chujio. Mwaka 1971 John Vane alionyesha kwamba aspirini hutuliza maumivu kwa kuzuia kemikali hizo hizo zisitengenezwe, na diklofenaki hufanya kazi kwa njia hiyo. Kwa hivyo kidonge kinachokutuliza mgongo huinyima figo kinga yake saa ile inapoihitaji zaidi. Parasetamoli, kwa kipimo kilichoandikwa, ni salama zaidi kwako.

Rangi hiyo ya mkojo huenda ikawa ni upungufu wa maji peke yake. Lakini misuli iliyochoshwa mno juani hupasuka na kumwaga protini yake nyekundu kwenye damu, nayo huweza kuziba vijifereji vya figo. Ndiyo maana sikubali neno la uchovu tu.

Kreatinini ni taka ya misuli ambayo figo huitoa kwenye damu; figo zikidhoofika, hupanda. Mwaka 1886 Max Jaffe aligundua kwamba ikichanganywa na asidi ya pikriki kwenye mchanganyiko wa alkali hutoa rangi ya machungwa iliyokolea, na maabara nyingi bado hutumia njia hiyo. Upungufu wa kipimo hiki ni kwamba kreatinini huchelewa kupanda: figo zaweza kupoteza karibu nusu ya nguvu kabla jibu halijabadilika. Ukiambiwa uko sawa, rudia kipimo baada ya miezi mitatu.

Sasa nije kwenye toroli, maana naona shina la tatizo liko hapo. Mwaka 2002 madaktari wa El Salvador waliripoti figo kufeli kwa wanaume wengi wasio na kisukari wala shinikizo la damu, wakiwemo wakulima wa nyanda za joto. Watafiti bado wanabishana kuhusu chanzo, ila joto na kazi nzito hutajwa mbele. Utafiti wa California uliochapishwa mwaka 2017 ulikuta kwamba vibarua wa mashambani wanaolipwa kwa kiasi cha kazi waliumia figo ndani ya siku moja mara nyingi zaidi kuliko wanaolipwa kwa saa. Mtu hujua fika kwamba anahitaji maji na bado asinywe, kwa sababu kila tone analokunywa linampunguzia posho. Kumbandikia bango la afya ukutani hakumsaidii.

Mwombeni nyapara, kwa pamoja, muda maalumu wa kupumzika kivulini ambapo wote husimama, asipitwe mtu. Katika shamba moja la miwa nchini Nicaragua, walipoongeza mapumziko, maji na kivuli, majeraha ya figo yalipungua. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 nayo inamtaka mwajiri aweke maji safi ya kunywa mahali panapofikika kwa urahisi, hivyo hamwombi fadhila.

Mkojo ukipungua sana, miguu ikivimba au ukianza kutapika, usingoje kuche. Nenda usiku huo huo.