Damu ya pili ichukuliwe lini?

SWALI: Mgonjwa wetu anaanza gentamisini (antibiotiki) ya dripu, mara moja kwa siku, na tumeruhusiwa kumtoa damu mara mbili tu. Tuitoe lini ili tujue mwili wake mwenyewe unaondoa dawa kwa kasi gani, badala ya kutegemea wastani wa vitabuni?
Mfamasia wa wodi

JIBU: Mara mbili zinatosha, mradi zisikaribiane.

Ya kwanza isubiri dawa itawanyike. Dripu ya dakika 30 ikiisha, hesabuni saa 1 ndipo mtoe damu. Mkiharakisha, mtakuta kiwango kikubwa cha kupita tu, na ujazo wa mtawanyiko (lita ambamo dawa huonekana kuenea mwilini) utaonekana mdogo kuliko ulivyo.

Ya pili ndiyo wengi huikosea. Tuseme kila kipimo cha maabara kina kosa la 10%. Sampuli zikiachana kwa nusu-uhai moja, yaani muda wa kiwango kushuka kwa nusu, kosa kwenye kasi ya kuondoa dawa hufika kama 20%. Zikiachana kwa nusu-uhai tatu, hushuka hadi 7%. Mwenye figo nzima huwa na nusu-uhai ya saa 2 hadi 3, hivyo acheni pengo la saa 6 hadi 8. Figo zikiwa dhaifu, kadirieni kwanza nusu-uhai kwa kreatinini (taka ya damu inayoonyesha kazi ya figo), kisha sogezeni sampuli ya pili mbele zaidi. Lakini msingoje saa 24 kwa mwenye figo nzima: maabara itajibu "chini ya 0.5", na jibu hilo haliingii kwenye hesabu hii.

Mfano: dozi ya kwanza, mg 320. Saa 1 baada ya dripu, mg 16 kwa lita. Saa 6 baadaye, mg 2. Gawanya 16 kwa 2, upate 8. Logi asilia yake ni 2.08; gawanya kwa saa 6, upate 0.347 kwa saa. Nusu-uhai ni 0.693 ÷ 0.347, yaani saa 2. Kiwango dripu ilipoisha kilikuwa 22.6, ujazo unakuja lita 13, na usafishaji (kiasi kinachoondolewa dawa yote kila saa) lita 4.5 kwa saa.

Hesabu hiyo huharibiwa na saa ya ukutani kuliko mashine. Muuguzi huandika muda uliopangwa, si ule sindano ilipoingia. Dakika 30 za uongo kwenye pengo la saa 2 ni robo nzima. Kwenye pengo la saa 6 ni kama 8%. Kuchelewa si kosa, kutoandika ndilo kosa. Na damu isitoke kwenye mkono wenye dripu, wala kwenye mrija uliopitishia dawa.

SWALI: Na tukipata sampuli moja tu?

JIBU: Programu ya kukadiria kwa mbinu ya Bayes itaichanganya na takwimu za wagonjwa wa aina yake. Ipeni sampuli ya saa 6 hadi 10 baada ya dozi, isiyo kileleni wala mkiani. Ila mwenye majeraha ya moto au aliyejaa maji mwilini hafanani na kundi hilo, na programu itamvuta kwenye wastani. Huyo aombewe ya pili.